Kundi Mahususi la Kijamii

Anayevuka kutoka Kaya, Sudan Kusini, na kuingia Koboko kwa njia ya Oraba, jambo kubwa analoulizwa ni ametoka wapi. Akisema Yei, inatosha. Uganda huwapokea Wasudani Kusini kwa utambuzi wa jumla, maana yake vita vyenyewe ndivyo ushahidi, na Wakongo wengi wa mashariki wanaoingilia Vurra, upande wa Arua, hupokewa vivyo hivyo. Wazee wa West Nile, eneo la Uganda zilimo Koboko na Arua, hawahitaji kuelezwa mantiki hiyo. Idi Amin alipoangushwa 1979, maelfu yao walikimbilia Sudan na Zaire.

Sasa chukua mtu aliyevuka na wenzake, lakini kilichomkimbiza ni ndugu zake kugundua kwamba anawapenda watu wa jinsia yake. Ataandikishwa kama wengine, apelekwe kambi ya Rhino Camp, Imvepi au Lobule, na siri yake abaki nayo. Taabu huanza siku anapolazimika kuisema: pengine ametoka nchi ambayo raia wake huhojiwa mmoja mmoja, au majirani wa kambini wamemgeukia na anaomba kuhamishiwa nchi ya tatu. Hapo ndipo istilahi “kundi mahususi la kijamii” inapoingia.

Mkataba wa Geneva wa 1951 unataja sababu tano za kuteswa: mbari, dini, utaifa, msimamo wa kisiasa, na kuwa mmoja wa kundi mahususi la kijamii. Hiyo ya mwisho iliingizwa kwa pendekezo la Sweden, bila maelezo ya kutosha, na wanasheria wamekuwa wakiifasiri tangu hapo. Wapo wanaotafsiri “kundi fulani la kijamii”. Sikubaliani nao: fulani ni neno la kumsitiri mtu, na hapa sheria inataka abainishwe.

Lakini hata “kundi” lina kasoro yake. Msemaji wa Kiswahili akilisikia, anawaza watu waliokusanyika: kundi la kuweka akiba, kundi la WhatsApp. Mwombaji hifadhi akiulizwa ni wa kundi gani, atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hana kundi, au atadhani anatuhumiwa kuwa na genge. Miongozo ya 2002 ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inasema wazi kwamba watu hao si lazima wajuane. Wanachoshiriki ni sifa wasiyoweza kuibadilisha, au ambayo haifai kumlazimisha mtu aiache, au ni jamii tu inayowatenga kwa jicho lake. Novemba 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba wapenzi wa jinsia moja wanaweza kuwa kundi la aina hiyo, katika kesi ya waombaji watatu kutoka Sierra Leone, Uganda na Senegal.

Neno muhimu katika maelezo hayo ni sifa. Sheria ya hifadhi inaangalia mtu alivyo. Sheria ya Uganda ya Mei 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja inaangalia anachotenda. Rais aliurudisha mswada bungeni Aprili mwaka huo ili hilo lieleweke, na adhabu ya tendo ni kifungo cha maisha, au kifo kwa makosa yaliyoitwa mazito. Basi mwombaji anayesimulia alivyo yuko upande wa hifadhi. Akisukumwa asimulie alichofanya, na nani, wapi, anatoa ungamo.

Na Kiswahili chetu, kwa bahati mbaya, kinamsukuma huko. Msagaji, mlawiti: yote ni majina ya watenda, yametoka katika vitenzi, na la pili magazeti hulitumia kwa wabakaji wa watoto. Shoga, ambalo pwani wanawake huitana kwa upendo, kwingine limekuwa tusi. Mkalimani akigeuza swali la afisa kuwa “Ulianza lini tabia hii?” amekwisha kuleta kitendo na tarehe yake. “Ulijitambua lini kuwa hivi?” ni swali jingine kabisa. Miongozo ya UNHCR ya 2012 inaonya pia kwamba mkalimani wa nchi moja na mwombaji anaweza kumzidishia aibu, na katika kambi ambamo kila mtu anamjua shangazi wa mwenzake, onyo hilo si la makaratasi tu.

Tena, kwa sheria hiyo ya Uganda, kuanzia Mei 2023 aliyejua au kushuku kosa alitakiwa kuripoti polisi. Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho tarehe 3 Aprili 2024, lakini sehemu kubwa ya sheria iliiacha. La kushangaza ni kwamba Kongo haina sheria inayoyataja mapenzi hayo kuwa kosa, kwa hiyo anayeingilia Vurra akikimbia ghadhabu ya ukoo anaingia penye sheria kali kuliko alikotoka.

Ningependekeza “kundi mahususi la kijamii” libaki kwenye hati, na mkalimani mezani aseme “watu wa sifa moja”, kisha sifa aitaje kwa kitenzi cha kutendwa: kuvutiwa na watu wa jinsia yake. Kuna pia njia ya pembeni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamtambua anayeteswa kwa kukataa desturi za ubaguzi wa kijinsia, na ndoa ya kulazimishwa imetajwa humo. Msichana aliyetoroka mume aliyechaguliwa na baba zake anaweza kupita hapo bila kueleza kwa nini hakutaka mume yeyote.