Mapisho, si Malazi

Kwenye ukuta wa ofisi ya halmashauri moja ya wilaya, pale unapobandikwa mkataba wa huduma kwa mteja, imeandikwa kwa herufi za bluu kwamba halmashauri "itatoa malazi yanayofaa kwa watu wenye ulemavu". Jina la halmashauri nalihifadhi, maana haiko peke yake. Sentensi hiyo inanakiliwa kutoka ofisi hadi ofisi na hakuna anayeisoma. Mwananchi anayejua Kiswahili bila Kiingereza ataelewa jambo moja tu, kwamba akifika na kitimwendo chake kukata leseni ya genge atapewa kitanda. Anayejua Kiingereza atakisia kuwa mtafsiri alikutana na "reasonable accommodation", akafungua kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoikuta, akaenda kunywa chai. Huyu wa pili atacheka. Yule wa kwanza, ambaye ndiye aliyeandikiwa, ataondoka bila kujua kwamba ana haki ya kudai.

Dhana yenyewe wasomaji wanaijua, nami sitairefusha. Ibara ya 2 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, ukaridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, inazungumzia mabadiliko ya lazima na yanayofaa anayofanyiwa mtu mahususi pale anapoyahitaji ili afaidi haki zake sawa na wengine, mradi yasimtwishe anayeyafanya mzigo uliopita kiasi. Ibara hiyohiyo inakutaja kumnyima mtu mabadiliko hayo kwa jina lake: ubaguzi. Ofisi zetu hupenda kusema changamoto, neno ambalo siku hizi hufunika kila dhambi. Tena yasichanganywe na ufikikaji, ambao una ibara yake, ya 9. Njia mteremko ya mlangoni hujengwa kabla hajaja yeyote. Lakini afisa anayeteremka kutoka ghorofani kumhudumia mama asiyeweza kupanda ngazi, mkutano wa mtaa unaosogezwa siku ili mkalimani wa lugha ya alama apatikane, karani anayemsomea fomu mtu asiyeona mahali pa faragha badala ya kumhoji kwa sauti mbele ya foleni, hayo hufanywa kwa mtu huyu, leo, kwa kuwa ameomba.

Mtafsiri wetu angevumilia kidogo angegundua kwamba Kiingereza chenyewe hakina neno takatifu hapa. Kilatini kilikuwa na commodus, kitu kilicho sawa na kipimo chake, na ndani yake anaonekana modus, yaani kipimo. Kutoka hapo kikapata accommodare, kukifanya kitu kilingane na kingine. Maana ya chumba cha kulala ilikuja baadaye sana. Wanasheria wa Marekani walilichukua neno kwa maana ya zamani. Mwaka 1972 Bunge lao liliibadilisha sheria ya haki za kiraia ya 1964 ili mwajiri alazimike kuilinganisha kazi na ibada ya mfanyakazi, mathalani yule anayeshika Sabato. Kwa hiyo neno lilitumika kwenye dini kabla ya kutamba kwenye ulemavu. Lilipoingia katika sheria yao kubwa ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, lilikaa upande wa ajira. Sehemu ya pili ya sheria hiyo, inayozibana serikali za majimbo na za mitaa, ina kanuni zinazotumia neno jingine, "modification". Waingereza nao tangu sheria yao ya 1995 wanasema "adjustment". Hayo, kwa taarifa ya wanaoamini kwamba istilahi hushushwa, ni majina matatu ya jambo moja katika lugha moja.

Lugha nyingine zilifanya ujasiri. Nakala ya Kifaransa ya Mkataba, wanayoisoma wenzetu wa Kongo ambako nchi ilijiunga mwaka 2015, ina aménagement raisonnable, na mzizi wake ni ménage, yaani kaya: unapanga mambo kama unavyopanga nyumba. Nakala ya Kiarabu inazungumzia tartibat taysiriyya ma'qula, ambapo kila mtu wa pwani atalitambua neno taratibu mwanzoni na akili mwishoni, na katikati kuna kurahisisha. Yupo mwenzangu mmoja, ambaye elimu yake ya Kiarabu ni kubwa kuliko subira yake, aliyetaka tulichukue hilo la katikati zimazima na kusema taisiri. Nilimwuliza ni karani gani wa kata atakayeelewa akiambiwa na mteja kwamba anaomba taisiri. Alijibu kwamba makarani watafundishwa. Watunzi wa istilahi za namna hiyo husema hivyo daima: watu watafundishwa.

Sasa nije kwenye jopo lililoitishwa kutafuta istilahi ya Kiswahili ya dhana hii. Nilialikwa kwa barua, ingawa kumbukumbu za kikao zinanitaja kama "mjumbe mwingine". Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa marekebisho yanayofaa, na nakiri kwamba lina watetezi wenye heshima zao. Lakini marekebisho yana shughuli nyingi tayari: Katiba ina marekebisho, bajeti ina marekebisho, na nchini Kenya urekebishaji tabia ni kazi ya magereza. Sheria ya Kenya ya 2003, kabla ya kuja hii mpya ya 2025, ililipa baraza la watu wenye ulemavu mamlaka ya kutoa amri za marekebisho dhidi ya wenye majengo, na hapo neno lilikaa vizuri kabisa kwa sababu linalorekebishwa ni jengo. Likihamia kwa mtu, linapinda. Ukisema "marekebisho kwa mtu mwenye ulemavu", masikio ya Kiswahili yanasikia kwamba anayerekebishwa ni yeye. Kazi ya kuuimarisha mwili wa mtu ina jina lake zuri, utengamao, na haina haja ya msaidizi.

Pendekezo la pili lilikuwa mazingira wezeshi. Hili sikulijibu, nililicheka. Mazingira wezeshi ni mali ya wawekezaji. Hakuna hotuba ya uzinduzi wa kiwanda isiyokuwa nayo. Na neno kuwezesha, kila aliyewahi kukaa kwenye semina anajua lilikofikia: wajumbe wakiuliza kama watawezeshwa, wanauliza habari za posho.

Baada ya chai jopo liliunganisha yote mawili, likaongeza la tatu, tukapata urekebishaji wezeshi wa kimantiki. Neno kimantiki lilitokana na dai kwamba "reasonable" inatoka kwenye hoja. Lakini sheria haimtaki mtendaji wa kata ajenge hoja. Inamtaka apime, hiki kinawezekana kwa ofisi yangu na kile kingeifilisi. Istilahi ya maneno matatu ilipita bila kura, maana muda wa ukumbi ulikuwa umekwisha.

Neno langu lilikuwa, na bado ni, mapisho.

Chanzo chake ni kitenzi ambacho hakuna Mswahili asiyekitumia, toka Lamu hadi Lindi: nipishe. Kimeundwa kwa pita na kile kiambishi cha kale cha usababishi ambacho kikikutana na t huizaa sh, kama pata ilivyozaa pasha tunapopashana habari. Pita, pisha. Maana yake ni kumfanya mwingine apite, na uzuri wake wote uko kwenye suala la nani anayejongea. Katika kupisha, anayesogea ni yule aliyeziba njia. Mwenye safari anaendelea na safari yake kama alivyo, na fimbo yake nyeupe au gongo lake. Hakuna tafsiri nyingine katika zile nilizotaja ambayo sarufi yake yenyewe inaipeleka kazi kwa ofisi.

Nomino haina utata. Fundisha inatoa mafundisho, onesha inatoa maonesho, pisha inatoa mapisho. Mapito tunayo tangu zamani, kwa njia na kwa mambo yaliyompata mtu. Mapisho yanakaa jirani yake bila kugombana.

Mjumbe mmoja alisema kwa sauti kwamba watu watasikia mapishi, na kikao kikacheka kicheko ambacho, nionavyo, ndicho kilichoamua. Nilijaribu kueleza. Mpishi anatoka kwenye pika, ambapo k mbele ya i ya utendaji inageuka sh, kama andika ilivyotupa mwandishi na cheka ikatupa mcheshi. Pisha inatoka kwenye pita. Ni t na k zilizokutana njiani kwenye sh moja, zikiwa zimetoka miji tofauti. Kiswahili kinaishi na mifano hiyo kwa amani: paa la nyumba na paa wa porini hawajawahi kumsumbua mtoto wa darasa la pili. Hoja hiyo haikuingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Pingamizi la maana zaidi, ambalo nashangaa jopo halikulifikia, ni kwamba kupisha ni adabu. Unampisha mzee kwenye kiti cha daladala kwa kuwa umelelewa vizuri, si kwa kuwa utashtakiwa. Istilahi ya haki ikijengwa juu ya adabu itarudi kuwa hisani, na watu wenye ulemavu hisani wameshashiba. (Semina zinazofunguliwa kwa "hujafa hujaumbika" zinanikera kwa sababu hiyohiyo: zinamtaka afisa atende haki kwa kuogopa kesho yake mwenyewe.) Pingamizi hili lingenitikisa kama lugha ya serikali yenyewe isingekuwa imelijibu. Nyumba zinapowekewa alama ya X nyekundu, wakazi huambiwa wapishe upanuzi wa barabara. Vijiji hupisha hifadhi, mashamba hupisha mradi. Mkurugenzi anayetuhumiwa husimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Hakuna adabu hapo. Katika Kiswahili cha ofisi kupisha ni amri yenye nguvu ya dola, na wananchi wameitii miaka yote. Kwa hiyo mtendaji anayeambiwa kwamba ofisi yake inatakiwa kumpisha mwananchi hahitaji kufundishwa maana. Amekuwa akiitumia, kwa upande mwingine tu.

Kivumishi nilichopendekeza ni stahiki. Hapa naomba wasomaji wavumilie etimolojia moja zaidi. Stahili na stahiki zinasikika kama mapacha lakini kwa Kiarabu ni watoto wa baba wawili: stahili imetokana na mzizi wa ahali, kuwa mtu wa jambo fulani, na stahiki imetokana na haqq, mzizi uleule uliotupa haki. Stahiki, basi, ina haki ndani yake kimaumbile. Na kwa matumizi ina pande mbili ambazo sheria inazihitaji kwa pamoja: hatua stahiki ni ile inayolingana na hali, hivyo haizidi kiasi, stahiki za mfanyakazi ni kile anachodai, hivyo haziombewi kwa kupiga magoti. Mapisho stahiki ni yale yanayomfaa mwombaji, yasiyoielemea ofisi kupita kiasi, na yanayodaiwa. Maneno mawili, bila mantiki na bila uwezeshi.

Matumizi ni mepesi: mtu huomba mapisho, ofisi hutoa au hunyima mapisho, na kunyima mapisho stahiki ni ubaguzi. Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, ambapo 2 kati ya hizo 10 ni za watu wenye ulemavu. Tangazo la mikopo hiyo likibandikwa ubaoni kwa karatasi tu, mwombaji asiyeona atatumiwa sauti kwenye simu yake, na hayo ni mapisho.

Jambo hili lina haraka kuliko inavyoonekana. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinahamishwa moja baada ya nyingine. Kosa la ukutani hufutwa kwa rangi. Likiingia kwenye fungu la tafsiri la sheria, hakimu atalazimika kuamua kama halmashauri ilimnyima mlalamikaji kitanda.

Kwa wenzangu wa Kenya, wanaosema lugha ya ishara pale sisi tunaposema ya alama: hatukuwahi kukosana kwa hilo, na hatutakosana kwa hili mkipata lenu. Jopo nalo, nasikia, litakutana tena. Sijaalikwa. Msomaji mwenye neno bora kuliko langu na alilete, lakini kabla ya kulileta alijaribu kama kitenzi, dirishani, mbele ya karani aliyechoka saa nane mchana. Karani akielewa bila kuuliza mara mbili, nitaliacha mapisho siku hiyohiyo.