Kuchemsha maji hakuondoi madini ya risasi
MZAZI wa Kitengela anayemchemshia mtoto maji ya shule huua viini vya maradhi, lakini haondoi madini ya risasi.

Madini hayo huweza kutoka kwenye mabomba ya zamani, viungo vilivyolehemiwa au udongo uliochafuliwa, kama wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi 2014. Hayaonekani majini, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama.

Shule ipimishe maji yake katika maabara na kubadilisha vifaa vyenye risasi. Kila asubuhi, maji yaliyolala mabombani yafunguliwe yatoke kwanza. Hayo yatumike kupigia deki, si kunywa.