Kalamu ya Kiingereza Katika Bonde la Kilombero

Kunakili na kuandika ni kazi mbili ambazo mkono hauzitofautishi, walakini akili huzitofautisha. Anakiliye huchukua maneno ya mwenziwe akayaweka mahali pengine. Aandikaye hutoa jambo alilolijua mwenyewe akamfikishia asiyelijua. Historia ya somo la insha ya Kiingereza katika nchi yetu ni historia ya kazi hizi mbili kugombea kalamu moja. Nataka kuitazama habari hiyo kutoka Ifakara, kwa kuwa huko kosa la kuandika laweza kugharimu zaidi ya alama za mtihani.

Wakati wa Wadachi, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya shule za serikali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utawala ukaingia mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi wakaanza kazi katika misheni zilizoachwa na Wabenediktini. Wengi wa wageni hao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kijerumani. Basi katika darasa la Kiingereza mwalimu na mwanafunzi waliweza kuwa wageni wote wawili, tofauti yao ikiwa ni nani aliyetangulia kufika. Mpango uliofuatwa tangu miaka ya 1920 uliweka Kiswahili katika madarasa ya chini na Kiingereza katika madarasa ya juu. Hivyo mtoto wa Kindamba, Kipogoro, Kimbunga au Kibena alijifunza kuandika kwa lugha ambayo aghalabu si ya mama yake, kisha akajifunza mara ya pili kwa lugha isiyosemwa na yeyote kijijini kwake.

Njia ya kufundishia ilikuwa imla, kunakili ubaoni, kujaza maneno yaliyoachwa, na mwishowe insha na muhtasari kwa ajili ya mtihani uliosimamiwa kutoka Cambridge. Njia hiyo haikukosa wema. Ilifunza hati safi, usahihi na ufupi, na si haki kuibeza. Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi aliweza kufuzu pasipo kusema hata jambo moja lililo lake.

Hata hivyo, bonde lenyewe lilikuwa na mambo ya kusema. Mwaka 1935 kilichapishwa London kitabu cha A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick juu ya Wabena wa bonde hili. Ndani yake mna sura ya Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena hao. Kitabu hicho ni cha zama za ukoloni, na jicho lake ni la zama hizo. Lakini sura ile ni ushahidi kwamba msomaji wa mbali alihitaji neno la mwenyeji, wala hakutosheka na neno la mgeni peke yake. Somo la insha lingeweza kuanzia hapo: jambo kwanza, lugha baadaye.

Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha Ifakara maabara ya utafiti wa magonjwa, na mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kuwafundisha wauguzi na waganga wasaidizi wa vijijini. Hapo kuandika kulibadilika thamani. Mgonjwa alieleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, ilhali elimu ya uganga ilikuwa katika vitabu vya Kiingereza. Fikiri juu ya papasi, mdudu aliyechunguzwa sana na Geigy, aletaye homa ya kurudiarudia. Mswahili hamchanganyi na kupe wa ng'ombe. Mmoja hukaa katika sakafu na nyufa za nyumba, mwingine hukaa malishoni. Kiingereza cha kila siku huwaita wote wawili kwa jina moja. Mwanafunzi atafsiriye neno kwa neno huandika sentensi isiyo na kosa la sarufi, na msomaji wake akaenda kumtafuta mdudu zizini badala ya chumbani.

Mfano wa degedege ni mzito zaidi. Jamaa wengi waliuona mtukutiko wa mtoto kuwa ugonjwa mbali na malaria, na kwa hiyo waliutafutia dawa mbali na hospitali. Aandikaye «homa» tu na kunyamaza amefuta sababu iliyomchelewesha mtoto.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, nacho Kiingereza kikabaki katika sekondari, kama kilivyo hata leo. Tume ya Rais ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi juu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kuna wanaosema kwamba Kiswahili kisisikike kabisa katika chumba cha Kiingereza, kwa kuwa kuogelea hujifunzwa majini. Hoja hii ina nguvu katika kusema. Katika kuandika haina nguvu hiyo, maana atupwaye majini hushika chochote kielekeacho, na mwandishi mchanga hushika sentensi alizokariri. Katika mji uo huo wa Basel, mwaka 1527, Paracelsus alifundisha uganga kwa Kijerumani badala ya Kilatini. Alichukiwa, akaondoka mwaka uliofuata. Ugomvi wa lugha ya elimu na lugha ya mgonjwa si wetu peke yetu.

Yafaa basi mwalimu wa Ifakara ampe mwanafunzi jambo alilolishuhudia: kulinda mpunga katika dungu, au mto ulivyovukwa kwa pantoni kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018. Mwanafunzi alisimulie kwa Kiswahili, mwenziwe amwulize palipo na giza. Ndipo aliandike kwa Kiingereza, alisome kwa sauti, na aliandike tena. Pale Kiingereza kinapokosa neno, asilifiche jambo, bali alieleze: papasi ni mdudu wa namna gani, na hukaa wapi. Maelezo hayo ya mstari mmoja ndiyo insha yake ya kwanza ya kweli, kwa kuwa hakuna kitabu alichoweza kuyanakili.