Kutoka Kipande Hadi Namba ya Mara Moja

Leo tutazungumza habari za mtu na namba yake, hapa kwetu Tanga.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Marekani. Miche 62 tu ilifika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Ndiyo mwanzo wa mashamba makubwa ya Pangani, Muheza na Korogwe.

Mashamba hayo yalitaka watu wengi. Wengine walitoka mbali, Kigoma na Songea, wakafanya kazi kwa mkataba. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba, akajulikana kwa namba hiyo. Tena alikuwa na kipande, kadi iliyotiwa alama kila siku alipomaliza kazi. Alama 30 zikitimia, alilipwa.

Lakini kipande ni kitu cha mkononi. Chaweza kupotea, chaweza kuibwa. Asiyejua kuandika alitia dole gumba katika mkataba. Dole haliibiwi, ila mwenye dole hakuweza kuyasoma aliyoyakubali.

Basi miaka ikapita. Mwaka 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa katika Tanzania. Sasa mtu akawa na namba ya siri. Namba ya manamba ilijulikana na karani na mnyapara. Namba hii aijua mwenyewe peke yake, nayo hukaa moyoni.

Hata hivyo, namba itumikayo kila siku yaweza kuchunguliwa. Kwa hiyo ikatengenezwa namba ya mara moja. Tutazame WhatsApp. Ukiifungua katika simu mpya, huletewa ujumbe wenye tarakimu 6. Ukitaka, hupigiwa simu, na sauti ya mashine huzitaja: nne, sifuri, saba, hata mwisho. Ukishaziandika, kazi yake imekwisha. Tangu mwaka 2017 waweza kuongeza hatua ya pili: tarakimu 6 nyingine, ulizozichagua mwenyewe. Mlango mmoja, kufuli mbili. Ya kwanza huonyesha kwamba laini ya simu unayo mkononi. Ya pili huonyesha kwamba siri unayo moyoni.

Sauti hiyo ina faida kubwa. Asiyejua kusoma humpa jirani simu amsomee ujumbe, na siri ikawa ya watu wawili. Namba ikisemwa, huisikia kwa sikio lake mwenyewe. Kisha yampasa azijue tarakimu, sifuri hadi tisa, ili aziandike bila kusaidiwa. Ndizo mnazojifunza darasani.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwizi hawezi kufungua kufuli asiyo na ufunguo wake, kwa hiyo hukuomba ufunguo. Atapiga simu kwa upole: “Mama, namba yangu imeingia kwako kwa makosa. Nitajie tafadhali.” Ukimtajia, umemfungulia mlango. Mashine hukutajia wewe namba. Mtu anayekuomba umtajie yeye, mkatalie, hata akijiita ofisa. Kata simu.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini wafanyakazi waliitwa manamba?
2. Kipande na namba ya siri vinatofautianaje?
3. Mtu akikuomba namba uliyoisikia katika simu, utamjibu nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.