Bustani za Kingo za Mito: Maji ya Mvua na Utengamao wa Wagonjwa Mjini Bujumbura

Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilishuka kutoka vilima vya Mirwa na kuifikia mitaa ya kaskazini ya Bujumbura watu wakiwa wamelala. Kamenge, Kinama na Buterere zilifunikwa na tope. Kuta za matofali mabichi ziliporomoka, watu zaidi ya sitini wakafariki na maelfu wakabaki bila makazi. Mwezi uliofuata, baada ya makabiliano kati ya polisi na wafuasi wa chama kimoja cha upinzani, mamlaka zilipiga marufuku mbio za makundi barabarani, desturi inayopendwa sana na wakazi wa mji huu asubuhi za mwisho wa wiki, na kuamuru zifanyike kwenye viwanja vilivyoteuliwa. Mwezi Mei wa mwaka huohuo Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu.

Mambo hayo matatu yaliangukia ofisi tatu tofauti, na hadi leo yanajadiliwa hivyo: mafuriko ni ya wahandisi, viwanja ni vya manispaa, ulemavu ni wa wizara. Hoja yangu ni kwamba yote yanahusu ardhi ileile. Kingo za mito ya Bujumbura, ambazo hazikupaswa kujengwa tangu mwanzo, ndizo zinazoweza kuyapa maji nafasi ya kutulia, na ndizo zinazoweza kumpa mgonjwa anayejifunza upya kutembea mahali pa kufanyia mazoezi. Kuzigeuza kuwa bustani za umma ni kazi ya afya ya jamii, na inastahili kupangiwa bajeti kama kazi nyingine za afya.

Tuanze na umbo la mji. Bujumbura imekaa kwenye sehemu nyembamba ya tambarare ya Imbo, kati ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kwenye mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na safu inayogawa maji ya Kongo na ya Nile, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,000. Kutoka juu huko hadi ziwani si mbali hata kidogo. Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha haina muda wa kutulia njiani. Inafika mjini ikiwa na kasi, mawe na udongo wa mashamba ya milimani. Kila msimu Ntahangwa hula kingo zake, na nyumba zilizokuwa mbali na korongo hujikuta ukingoni.

Mjadala mwingi wa mafuriko hapa huharibika kwa sababu maji huzungumzwa kana kwamba ni ya aina moja. Yapo matatu. Yapo maji ya mlimani, yanayokuja kwa ghafla kupitia mito. Yapo maji ya mji wenyewe, yanayotiririka kutoka kwenye mabati, lami na nyua zilizosakafiwa. Na yapo maji ya ziwa, yanayopanda polepole kwa miezi na kukataa kushuka. Mwaka 2020 mto Rusizi ulivamia mji mdogo wa Gatumba na kuhamisha makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 2024 ziwa lilikaribia kimo lililokifikia mwaka 1964, kikiwa kati ya vimo vya juu kabisa vya karne iliyopita. Bustani haizuii ziwa kupanda. Haiwezi pia kuyameza mafuriko ya Ntahangwa yaliyokusanyika milimani, na anayeahidi hivyo anawadanganya wananchi. Kwa maji ya mlimani, inachoweza kutoa ni upana: mto ufurike juu ya nyasi badala ya kufurika juu ya vitanda vya watoto. Kwa maji ya ziwa, inafanya kurudi nyuma kuwe na maana, kwa kuwa Sheria ya Maji ya mwaka 2012 tayari inatenga mita 150 za ufuo wa Tanganyika zisijengwe, ingawa sehemu kubwa ya ufuo imeshashikwa na hoteli, mikahawa na makazi.

Ni kwa maji ya mji wenyewe ndipo bustani hufanya kazi nzito, na hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta 7 za mapaa na lami, ikitiririka yote, inatoa mita za ujazo 3,500. Uwanja wa kandanda wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, ukichimbwa ushuke nusu mita chini ya barabara, unabeba zaidi kidogo ya kiasi hicho. Vijana huucheza siku za jua. Mvua inapopiga, unakuwa bwawa kwa siku moja au mbili. Rotterdam walifanya jambo la namna hii katika uwanja wa Benthemplein mwaka 2013, na Bangkok katika bustani ya miaka mia ya Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, iliyofunguliwa mwaka 2017 ikiwa imeinamishwa upande mmoja ili maji yajikusanye chini.

Lakini Bujumbura si Bangkok, na kunakili michoro kungekuwa hatari. Kwenye miinuko ya mashariki, udongo ulio juu ya makorongo haujatulia. Kuyazamisha maji karibu na ukingo ni kuualika uporomoke. Huko maji yapelekwe kwa mitaro iliyojengewa hadi chini, na mteremko ushikwe kwa miti, mianzi na nyasi za vetiva. Karibu na ziwa, maji ya ardhini yako juu mno kiasi kwamba shimo lolote hujaa lenyewe. Huko yahitaji kuachiwa uwazi, pamoja na matete ya kuyachuja. Mahali pa kuinywesha ardhi maji ni ukanda wa katikati, wenye mchanga na mwinamo mdogo.

Hapo katikati ndipo ninapoona jambo ambalo wapangaji miji wameliacha lipite. Mtaro wa nyasi hupunguza kasi ya maji vizuri pale mwinamo wake unapokuwa mdogo, asilimia chache tu. Njia ya kiti cha magurudumu nayo huvumilika ikiwa na mwinamo wa asilimia 5 au chini yake. Ikizidi asilimia 8 mikono ya anayejisukuma huchoka. Mwinamo unaomfaa mgonjwa ndio unaoyafaa maji. Wakulima wa Machakos walishautumia ujuzi huu kwa namna yao katika matuta ya fanya juu, yanayofuata usawa wa mteremko na kuzuia udongo usichukuliwe. Njia ya kutembea iliyopitishwa juu ya tuta la namna hiyo, upande mmoja ikiwa na mfereji wa nyasi na upande mwingine mti wa kivuli kila baada ya hatua chache, inafanya kazi zote mbili kwa gharama moja ya kuchimba.

Kuhusu faida kwa wagonjwa, ushahidi ni wa muda mrefu. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliokuwa na dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta. Utafiti ule ulikuwa mdogo, na kwetu dirisha si jambo la kwanza. Mfano ulio karibu zaidi nasi unatoka Harare. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye sonona, wakiwa wameketi nao kwenye benchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba dalili zao zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Katika nchi kama Burundi, iliyopitia vita vya ndani kuanzia 1993, benchi chini ya mwembe ni kifaa cha tiba, na mchoro wa bustani uioneshe hivyo.

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa, huambiwa afanye mazoezi ya kutembea kila siku. Afanyie wapi? Kando ya barabara kuna mtaro usiofunikwa, baiskeli na magari. Uani hakuna nafasi. Tangu mafuta ya petroli yaanze kuadimika hata wenye afya wanatembea mwendo mrefu kando ya barabara hizohizo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wangefaidika na huduma za utengamao, na sehemu kubwa ya huduma hiyo, baada ya fiziotherapia ya hospitali, ni mtu na njia iliyo salama.

Wapo watakaosema maji yaliyotuama yataleta malaria na kipindupindu. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito wote, maana Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria Machi 2017 na wa kipindupindu Januari 2023. Mbu huhitaji wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo uwanja usiokauka ndani ya siku tatu haujasanifiwa sawasawa na usipokelewe na manispaa. Kipindupindu ni kigumu zaidi. Maji ya mafuriko hupita vyooni, na sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Uwanja uliojaa ufungwe, tope liondolewe, na watoto wazuiwe hadi ukauke. Bila fedha za mtu wa kufanya kazi hiyo, afadhali bustani isijengwe.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la kufukuzwa watu. Neno bustani linaweza kutumika kuwahamisha maskini na kuweka geti. Bustani ya Nyandungu ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2022 kwenye hekta zaidi ya 120 za ardhioevu iliyokuwa imeharibika, ni kazi ya kupongezwa, lakini watu huilipia kuingia, na kiingilio hakiendani na mgonjwa anayepaswa kuja kila asubuhi. Kibera, Nairobi, walifuata njia nyingine: shirika la Kounkuey Design Initiative na wakazi walijenga viwanja vidogo kando ya mto Ngong, na wakazi ndio wanaoviendesha. Bujumbura inahitaji viwanja vingi vya kadiri hiyo kuliko bustani moja kubwa ya kupigia picha.

Pa kuanzia panajulikana. Kamenge, iliyozama mwaka 2014, ndiko zilipo Hospitali ya Chuo Kikuu na Hospitali ya Kijeshi, na pia Kituo cha Magonjwa ya Akili kinachoendeshwa na shirika la kitawa la Frères de la Charité. Wagonjwa wa viungo na wa akili wamekusanyika katika kitongoji kilekile ambacho maji hukusanyika. Uwanja mmoja ulioshushwa na njia ya tuta inayouunganisha na malango ya hospitali hizo, ikiwa na benchi kila mita 50, vingetosha kwa hatua ya kwanza. Wachimbaji mchanga, ambao leo hudhoofisha kingo za mito kwa kutafuta riziki, waajiriwe kuondoa tope na mchanga uwanjani kila baada ya mvua na wauuze kihalali. Wataalamu wa fiziotherapia waitwe mezani kabla mhandisi hajachora mstari wa kwanza, na mwinamo wa njia upimwe na mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, siku ya mvua, kabla ya mkandarasi kulipwa.