Kihisio, si Sensa

Fundi wa gereji Temeke akikuambia sensa imekufa, unajua anasema kile kidude cha kwenye bomba la moshi. Ukitoka gerejini, neno lina mwenyewe: sensa ni ile ya watu na makazi, kama ya 2022. Kwa hiyo chombo cha kupima metali majini nakiita kihisio. (Kihisishi hakifai, wanasarufi walishakiwahi kwa ajili ya "lo!" na "ebo!")

Jina lake lote ni kihisio cha kielektrokemia cha ayoni za metali, chenye DNA. Ni refu, ila halina kipande cha kutupa.

Wapo watakaotaka "vinasaba" mahali pa DNA. Hapa nakataa. Neno hilo limebeba nasaba ndani yake, na Dar es Salaam ukitaja kipimo cha vinasaba, watu wanawaza Mkemia Mkuu wa Serikali na mtoto anayegombewa. DNA ya kihisio haina baba wala mama. Ni uzi mfupi uliotengenezwa maabara, haurithishi chochote.

Kazi ya uzi huo ni kutambua. Ayoni ya zebaki hujipenyeza kati ya thaimini mbili za DNA zinazotazamana na kuzishikanisha. Risasi (ya betri, si ya bunduki) ina njia nyingine. Mwaka 1994 Ronald Breaker na Gerald Joyce, Marekani, walionyesha DNA inayofanya kazi kama kimeng'enya: ikipata ayoni ya risasi, inakata. Mwaka 2007 maabara ya Kevin Plaxco, California, ilibandika DNA ya jamii hiyo kwenye elektrodi ya dhahabu, nchani ikaweka methilini bluu, rangi inayopokea na kutoa elektroni. Pasipo risasi, nyuzi mbili za DNA hiyo zimeshikana na kukakamaa, rangi iko mbali na dhahabu. Risasi ikiingia, uzi mmoja hukatwa na kuachia; uliobaki hulegea, rangi inaifikia elektrodi, mkondo wa umeme unapanda. Mkondo huo ndio unaosomwa, na ndiyo maana ya "kielektrokemia".

Kwetu haja ipo. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya kadimi, shaba, risasi na zinki katika mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Kazi kama hiyo hudai kukausha mboga, kuichoma iwe majivu, kisha mashine kubwa ya maabara.

Kihisio kinaweza kubebwa hadi bondeni, lakini hapo ndipo neno "ayoni" linapodai haki yake. Uzi unaiona risasi iliyoyeyuka kuwa ayoni tu. Iliyong'ang'ania tope la Msimbazi haiuhusu, mpaka maji yatiwe asidi na kuchujwa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita ya maji ya kunywa, na hesabu hiyo ni ya risasi yote. Ukikiita "kihisio cha risasi" kwa kufupisha, mkulima wa mchicha atasoma namba ndogo na kudhani maji yake ni salama.