Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Umuone Lini Daktari Bingwa?

Nina kilo 96, kimo mita 1.60. Zidisha kimo kwa kimo, kisha gawanya kilo kwa jibu lake: 37.5. Mwongozo wa 2022 wa madaktari wa upasuaji huu wataka ufikiriwe kuanzia 35, hata bila maradhi mengine. Ukiwa na kisukari, kuanzia 30. Mimi kisukari ninacho, na mlo nimejaribu miaka sita. Mamangu bado asema nimenawiri. Kwetu unene ni neema, ndiyo maana twachelewa. Lakini kumuona daktari si kukubali kisu. Nina maswali yangu: vitamini za maisha yote zitanigharimu kiasi gani, na tumbo likishapunguzwa, Ramadhani nitafunga vipi? Miadi ni Jumanne, inshallah.